Turathi zetu ndani ya mashine: ufunguo ataushika nani?

MALI bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, nasi tukidhani yahusu fedha na maduka tu. Siku hizi nimeanza kuona kwamba yahusu pia mali ya namna nyingine, ambayo sisi watu wa pwani tunayo nyingi na daftari yake hatuna: majengo ya kale, makaburi ya nguzo, vitabu vya khati, kasida, nasaba, na mengi waliyotuachia wazee wetu.

Kisa changu chaanzia nyumbani. Mjukuu wangu, kijana asomaye Chuo Kikuu cha Pwani huko Kilifi, alikuja kunitazama Malindi siku za likizo. Baada ya kuamkiana na kula alitulia kidogo, kisha akaniambia, "Babu, nina ombi. Lile sanduku la vitabu lililoko chumba cha uani, nipe ruhusa nilifungue. Nataka kuvipiga picha vitabu vyote, ukurasa kwa ukurasa, nivitie katika kompyuta visije vikapotea."

Nilimjibu kwa neno moja tu: hapana.

Kijana hakubishana nami. Aliinamisha uso kwa adabu, lakini niliona kwamba jawabu langu limemwingia vibaya, ikanibidi nimweleze sababu.

Mwaka 1978 alikuja nyumbani kwetu Mambrui mgeni mmoja, mtu wa elimu, mwenye barua na maneno matamu. Taasisi iliyomtuma siitaji, wala yeye mwenyewe simtaji, kwa kuwa huenda amekwisha tangulia mbele ya haki, na asiyekuwapo hana wa kumtetea. Marehemu baba alimkaribisha kama ilivyo ada yetu, akamfungulia sanduku. Mgeni akakipenda kitabu kimoja cha utenzi, kilichoandikwa kwa khati za Kiarabu, wino mweusi katika beti na wino mwekundu katika vichwa. Akakiazima kwa muda wa miezi mitatu. Baba akampa. Hawakuandikiana chochote, maana kwa watu wa zama zile neno la mtu lilikuwa ndiyo hati yake. Miezi mitatu ile haijesha hata leo.

Kwa hivyo kijana aliposema "picha", masikio yangu yalisikia "kuazima". Nilimwambia, "Mwanangu, tuliumwa na nyoka, sasa tukiona unyasi twashtuka."

Akacheka kidogo, akasema, "Haya Babu, sanduku tuliache. Lakini kesho nifuate Gede, kuna jambo nataka ulione."

Gede na mwali wa leza

Gede si mahali pageni kwangu. Magofu hayo yako kiasi cha kilomita 16 kusini ya Malindi, karibu na Watamu, ndani ya msitu. Tulikuwa tukienda huko tangu tukiwa wanafunzi. Mji ulikuwa na ukuta wa nje na wa ndani, msikiti mkuu wenye kisima chake, jumba la mtawala, na nyumba za mawe zilizopangwa kwa ustadi. Ulistawi sana katika karne ya 15, na kufika karne ya 17 watu walikuwa wameuhama. Mwaka 1948 alikuja Mwingereza James Kirkman, akafanya kazi ya kuchimba na kusafisha kwa miaka kama kumi. Na mwaka 2024, mwezi wa Julai, Gede iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Sisi tuliokuwa tukipaita "magofuni" tukasikia kumbe ni pahali pa dunia nzima.

Siku hiyo mjukuu wangu alinipitisha katika nyumba moja baada ya nyingine huku akinisomea majina yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Majina hayo yalitolewa na wachimbaji kwa vitu walivyovikuta ndani. Nilisimama nikatafakari. Watu wale walikuwa Waislamu kama sisi, wenye koo na lakabu zao, waliooa na kuoza, walioswali katika msikiti ule. Leo hakuna ajuaye nyumba ile ilikuwa ya nani. Jina la mwenyewe limekufa, na mkasi wake ndio uliobaki kumwakilisha.

Ndipo kijana akatoa simu yake akanionyesha picha ya msikiti mkuu, lakini si picha kama nizijuazo. Aliigeuza kwa kidole, ikageuka. Akaingia ndani ya mihrabu, tukaingia. Akapanda juu kama ndege, tukauona msikiti mzima kwa chini. Akanieleza kwamba kuna mradi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika ya Kusini, ulioanza mwaka 2004 chini ya Profesa Heinz Rüther, na jina lake ni Zamani, neno la Kiswahili hasa. Watu wa mradi huo walikwisha kupima Gede, Lamu, Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na mahali pengi pengine Afrika.

Njia yao ni hii. Huweka mashine juu ya stendi ya miguu mitatu. Mashine huzunguka huku ikitupa mwali wa leza. Mwali ukigonga ukuta hurudi, na mashine hupima umbali wa pale ulipogonga. Hufanya hivyo mara maelfu kwa kila sekunde, kisha huhamishiwa upande mwingine wa ukuta ikaanza tena. Mwisho hupatikana nukta mamilioni, nazo kompyuta huziunganisha zikawa jengo zima, na kila kipimo chaweza kusomwa mpaka sentimita. Faida yake ni kubwa. Mizizi ikipasua ukuta, au mvua ikiangusha tao, fundi ana kipimo cha kulinganisha na kurudishia jiwe mahali pake. Wazee wetu waliojenga kwa matumbawe na chokaa hawakutuachia ramani. Sasa ramani ipo.

Nikamwuliza, "Na vipimo hivi vyote vimewekwa wapi?"

"Cape Town, Babu. Lakini baadhi ya picha zake ziko wazi katika mtandao."

"Na mzee wa hapa Gede, asiye na kompyuta, ambaye babu zake ndio waliomwonyesha Mzungu njia ya magofuni?"

Kijana hakunijibu. Nami nilijua kwamba swali langu halikuwa lake yeye kulijibu.

Kabla ya kutoka tulipita kaburini. Kati ya makaburi ya Gede kuna moja lijulikanalo kama Kaburi la Tarehe, kwa kuwa fundi wake alichonga mwaka juu ya jiwe: 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Wataalamu walipotaka kujua umri wa mambo mengine ya mji, kaburi hilo lilikuwa moja ya nguzo zao. Fundi yule hakujua kompyuta wala leza, bali alijua kwamba jiwe peke yake halisemi. Alisemesha kwa kuchonga tarehe. Siku hizi wenye maktaba na makumbusho wana kazi kama hiyo katika picha zao: kila picha huandikiwa ni ya nini, ya nani, ya wapi na ya lini. Picha elfu moja zisizo na maelezo ni sawasawa na makaburi yasiyo na majina.

Picha iliyofichua wizi

Tukirudi kwa matatu kijana alinisimulia kisa ambacho nilikuwa nimekisikia nusu nusu. Chahusu ndugu zetu Wagiriama, na vigango vyao, nguzo za mbao zilizochongwa ambazo husimamishwa kwa kuwakumbuka wazee wa heshima waliokufa. Vigango si mambo ya dini yetu, lakini jirani ni jirani, na wizi ni wizi popote ulipo.

Mwaka 1985 mtaalamu wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja upande wa bara akiwa amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Mzee aliviulizia na kuvitafuta mpaka akafa bila kuviona. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu huko Marekani, mwenzake Linda Giles alionyesha picha za vitu vilivyokuwa katika jumba moja la makumbusho huko Illinois. Bibi Udvardy alipoitazama picha moja alikitambua kigango kile kile. Cha pili kikagunduliwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Maneno yakawa mengi, lakini picha ya 1985 ilikuwa shahidi asiyeweza kukanwa, na mwaka 2007 vigango vyote viwili vikarudishwa kwa wenyewe. Baada ya hapo wengine nao waliona haya. Makumbusho ya Denver yakarudisha vigango 30, vilivyofika Nairobi mwaka 2019.

Na si vigango tu. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya pamoja na wenzao wa Ujerumani na wasanii wa hapa na ng'ambo walitengeneza orodha katika kompyuta ya vitu vya Kenya vilivyoko katika nyumba za makumbusho za nje, na mwaka 2021 pakawa na maonyesho Nairobi juu ya jambo hilo. Orodha ilipita vitu 32,000, katika taasisi 30 tu zilizojibu. Hiyo ndiyo daftari niliyoitaja mwanzo. Huwezi kudai usichokijua, wala huwezi kukijua ulichopoteza ikiwa hukukiandika ulipokuwa nacho.

Hapo moyo wangu ulianza kulegea. Nilijiuliza: lau mwaka 1978 baba angalikuwa na picha za kile kitabu, je, leo tungalikuwa tunalia bila ushahidi?

Baharini na angani

Sisi watu wa Malindi tusistaajabu sana mashine, maana zilikuja kwetu mapema. Wa rika langu tunakumbuka Ngomeni, pale Waitalia walipojenga majukwaa yao ya San Marco baharini wakirusha maroketi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za Jamhuri, palirushwa setilaiti iliyoitwa Uhuru, iliyokwenda kutazama nyota. Wavuvi walisimama ufukoni wakitazama moto ukipanda mbinguni.

Leo setilaiti hazitazami nyota tu, zatutazama na sisi. Tangu mwaka 2020 kuna mradi unaoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, unaoandikisha mahali pa kale katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo, kwa kutumia picha za angani. Haja ya kazi hiyo mtu wa hapa haitaji kuelezwa. Kila mwaka mahoteli na nyumba za kifahari zasogelea ufuo, trekta linang'oa msingi wa nyumba ya miaka mia tano kwa asubuhi moja, na jioni mawe yamekwisha kuwa kifusi cha barabara.

Na hapo hapo Ngomeni, chini ya maji, imelala merikebu ya kale ambayo wataalamu wa Kenya na Ureno wamekuwa wakiichunguza. Wapiga mbizi huipiga picha nyingi sana kutoka kila upande, na kompyuta huzishona zikawa sura moja. Ndani yake pameonekana vipande vya shaba na pembe za ndovu. Katika makala yaliyotoka mwaka 2024 wataalamu walisema huenda ikawa ni São Jorge, moja ya merikebu za msafara wa mwisho wa Vasco da Gama, iliyozama mwaka 1524; lakini hawajakata shauri. Wavuvi wetu, ambao nyavu zao zilinasa huko miaka na miaka, hawakuhitaji kuambiwa kwamba chini kuna kitu. Ila hawakuulizwa, na wala wao hawakuandika.

Lamu na London

Turudi katika vitabu, maana hapo ndipo pangu. Niliposikia kwamba msikiti wa Riyadha wa Lamu uliruhusu vitabu vyake vya khati vipigwe picha, nilishangaa. Riyadha ni msikiti wa Habib Swaleh, mahali panapoheshimiwa pwani yote, ambapo watu wa Malindi na Mambrui husafiri kwenda Maulidi kila mwaka. Ikiwa wao wamekubali, mimi na sanduku langu moja ni nani?

Nikauliza masharti yao. Kazi ile ilifanywa chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo katika hatari ya kupotea, na moja ya kanuni za mpango huo ni kwamba vitabu vyenyewe havitoki nchini mwake. Mpiga picha ndiye aendaye penye kitabu. Picha moja yapelekwa London, nyingine yabaki kwa wenyewe. Vivyo hivyo ndivyo ilivyofanywa maktaba ya Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, ajulikanaye kama Ustadh Mau, mshairi na khatibu wa Lamu. Hii ni tofauti kubwa na mambo ya zamani. Mmishonari W. E. Taylor alipokusanya mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, alituokolea hazina ambayo huenda ingalipotea. Na kwa hilo tumshukuru yeye na zaidi Mwalimu Sikujua, ambaye hatajwi kama ipasavyo. Lakini karatasi zenyewe ziko London hata leo.

Hata hivyo sikuwa mwepesi. Nilimwambia mjukuu wangu, "Mashine nazo hufa." Mwezi wa Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliivamia Maktaba ya Uingereza, maktaba kubwa kama ile, na kwa miezi mingi wasomaji hawakuweza kuziona picha za vitabu vya khati katika mtandao. Na mfano wa karibu ninao kabatini mwangu: kaseti ya Maulidi tuliyoitia Mambrui mwaka 1983, yenye sauti za wazee ambao wote sasa wako kaburini. Kaseti ipo, mashine ya kuichezea haipo, na utepe umeshikana. Karatasi ya babu ina umri zaidi ya karne nzima, yasomeka kwa jicho na mwanga wa jua. Utepe wa juzi hausomeki.

Kijana akanijibu jawabu ambalo sikulitazamia. "Babu, ndiyo maana nakala haziwi moja. Moja ikae hapa, moja madrasa, moja mbali. Na kila baada ya miaka michache zihamishwe katika chombo kipya, kama wanavyuoni walivyokuwa wakinakili kitabu kikichakaa."

Kweli, sisi ndio tulioanza. Kitabu kikizeeka, mwanafunzi alikaa miguuni mwa shekhe wake akakinakili neno kwa neno, na chini ya kila ukurasa akaandika lile neno la kwanza la ukurasa unaofuata ili karatasi zisichanganyike. Hii mashine ni kalamu nyingine tu.

Hofu yangu ya mwisho ilikuwa ya dini. Baadhi ya vitabu vile babu aliviandika wakfu katika ukurasa wa kwanza: haviuzwi wala havirithiwi. Nilikwenda kumwuliza imamu wetu baada ya swala ya alasiri. Alifikiri kidogo akaniambia kwamba kunakili hakukitoi kitabu katika wakfu, maadamu nakala haifanywi biashara. Bali elimu inayowafaa watu ni katika yale ambayo thawabu zake hazikatiki mtu akifa. Kisha akaniuliza, "Lakini Maalim, wewe mwenyewe vitabu hivyo umevifungua lini mara ya mwisho?"

Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nimesahau.

Tulipofungua sanduku

Tulifungua sanduku siku ya Jumamosi, baada ya swala ya alfajiri, sote tukiwa na udhu. Tulitandika mkeka, juu yake shuka nyeupe. Ufunguo uligoma, tukautia mafuta.

Juu kabisa zilikuwa juzuu na Maulidi ya Barzanji, nazo zilikuwa salama. Chini yake madaftari ya babu ya hesabu za dau na mashamba. Nilipofika kwenye kitabu ambacho nilikuwa nikikitaka zaidi, mkono wangu ulizama. Jalada la ngozi lilikuwa zima, lakini ndani mlikuwa na vumbi. Mchwa walikuwa wametoboa ubao wa chini, wakapanda, wakala kutoka nyuma kuja mbele. Theluthi ya kitabu ilikuwa imekwenda.

Kitabu hicho kilikuwa na kisa chake. Nilipokuwa mtoto, babu alinionyesha khati zake akaniambia, "Huu ni mkono wa mama yangu." Tarehe, 1309, ipo katika ukurasa wa mwanzo, nayo ni miaka ya 1891 na 1892 kwa hesabu ya Miladia. Jina lake mwenyewe aliliandika mwisho, kama ilivyo desturi ya wanakili, baada ya kuomba radhi kwa makosa na kuomba dua kwa msomaji. Nyumbani alikuwa akiitwa Bibi Mkuu tu, kwa heshima. Jina lake halikutamkwa ovyo mbele ya watu. Sote tulijua kwamba limeandikwa mle, basi hakuna aliyejishughulisha kulihifadhi. Mimi nililiona nikiwa mdogo, silikumbuki. Nimemwuliza shangazi yangu aliyebaki, naye akumbuka Bibi Mkuu tu. Mchwa wamekula ukurasa wa mwisho.

Nilikaa kitako juu ya mkeka nisiweze kusema. Mjukuu wangu naye hakusema kitu, Mungu ambariki. Lau angalikuwa kijana mwingine angaliniambia, "Nilikuambia." Nilijihukumu mwenyewe: kwa miaka yote hii nimemnyima mgeni nikampa mchwa.

Tulifanya kazi siku nne. Hatukuwa na mashine za watu wakubwa. Kijana aliazima kamera kwa rafiki yake, akaifunga juu ya stendi ikitazama chini, karibu na dirisha ili mwanga wa jua uingie kwa ubavu. Taa ya ghafla ya kamera alikataa kuitumia. Kitabu hatukukikandamiza kifunguke wazi, bali tulikiegemeza juu ya mito miwili mgongo usipasuke. Kando ya kila ukurasa aliweka rula ili ukubwa ujulikane. Mimi kazi yangu ilikuwa kusoma na kueleza: hiki ni kitabu gani, cha mkono wa nani, neno hili katika pambizo ni la nani. Hapo niliona ya kwamba kijana hawezi kusoma Kiswahili cha khati za Kiarabu hata mstari mmoja. Anajua kuitunza picha kwa miaka mia, na hajui imesema nini. Sasa kila Ijumaa baada ya alasiri huja na daftari, namfundisha namna wazee walivyoandika herufi ambazo Kiarabu hakina, na namna ya kukisia "e" na "i", "o" na "u" kwa maana ya maneno. Malipo yangu ni kufundishwa kufungua faili, na mpaka sasa yeye ananishinda kwa upole wa ualimu.

Masharti tuliyokubaliana nyumbani nayaandika hapa, huenda yakamfaa mwenye sanduku mwingine Malindi, Mambrui, Takaungu au Kilifi. Kitabu hakitoki nje ya nyumba. Nakala ziwe tatu, katika mahali tatu mbalimbali, na mmoja katika ukoo awe na dhamana ya kuzikagua kila mwaka. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, yataje jina la mwandishi na la mwenye kitabu. Karatasi za siri za ukoo, kama talaka, madeni na magomvi ya mirathi, zipigwe picha lakini zisiwekwe mbele ya watu mpaka wazee wakubali. Na atakaye kuzitumia picha kwa kitabu au biashara, abishe hodi kwanza. Nchi yetu ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi za jamii; lakini sheria haimsaidii mtu aliyelala.

Neno langu la mwisho si la wasomaji wote, ni la mtu mmoja, au la maktaba moja, sijui ni ipi. Kile kitabu cha utenzi kilichoazimwa Mambrui mwaka 1978 kilikuwa na jalada la ngozi nyekundu, vichwa vya beti kwa wino mwekundu, na katika ukurasa wa kwanza muhuri wa babu uliofifia. Baba alisema kwamba kile na hiki kilicholiwa na mchwa vilikuwa vya mkono mmoja. Kwa hivyo ikiwa kingali hai, kiwe katika kabati la mtu au katika rafu za ng'ambo, nacho kina ukurasa wa mwisho.

Simshitaki mtu, wala sidai fidia. Hata kitabu chenyewe, ikiwa huko kiko salama na hapa pana mchwa, tutazungumza. Ombi langu ni picha ya ukurasa ule tu, uletwe kwa simu au kwa posta. Chini ya mstari wa mwisho mna jina la mama yake babu yangu, na wajukuu zake wanataka kumsomea Fatiha kwa jina lake.